Nilimshuku Wifi kwa Maji ya Kuoshea Miguu ya Mama

Kosa ni langu. Nalitanguliza mapema ili usije ukanionea huruma halafu ukajuta. Jina langu niachie mwenyewe, maana ukoo wetu unajulikana kuanzia Handeni hadi Korogwe, na wifi yangu ameshasemwa vya kutosha kwa ajili yangu.

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia kwa uchangamfu najiuliza unataka nini, na usiponisalimia nataka kujua umesikia nini. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata kuku akitaga mayai mengi nitamhoji ameyatoa wapi. Nilikuwa nacheka naye, tena nikiona ni sifa.

Naishi Kwedizinga, nalima mahindi. Mama yangu anaishi Mnyuzi kwa kaka yangu, na anayemhudumia ni mke wa kaka, Msambaa wa huko milimani. Mama ana sukari ya miaka mingi na miguu yake imeingia ganzi. Anaweza kukanyaga kaa la moto na asijue mpaka asikie harufu.

Kila jioni wifi alikuwa na desturi moja. Anamkalisha mama uani, anamwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, anamkausha taratibu mpaka katikati ya vidole. Kisha anainua unyayo mmoja mmoja na kuutazama. Anautazama kwelikweli, anaugeuzia kwenye mwanga. Akimaliza anabeba beseni na kupotelea nyuma ya nyumba.

Sasa wewe mwenzangu wa huku kwetu, nikikwambia mtu anachungulia nyayo za bibi kizee kila jioni, na maji anakwenda kuyamwaga asikoonekana, utafikiri nini? Tumekua tukionywa kuhusu unyayo. Mtu akianza kudhoofika bila sababu, wakubwa wanaulizana ni nani aliyechota mchanga alipokanyaga ili amroge. Na mama alikuwa anadhoofika. Nikaona jibu langu liko ndani ya lile beseni.

Nilimuuliza wifi? Wala! Mtu wa kushuku haulizi, anapeleleza. Kila nilipokwenda Mnyuzi nilikaa pale uani na kikombe cha chai nikimtazama kwa pembe ya jicho, na yeye masikini ananiuliza kama sukari kwenye chai imetosha.

Ndipo siku moja nikaona sugu mguuni mwa mama. Ilikuwa chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, ngumu, na katikati ina kiini. Ilitokana na viatu vya plastiki ambavyo mama alikuwa akiendea shambani. Mama hakulalamika hata kidogo. Nililalamika mimi kwa niaba yake. Nikamuuliza wifi kwa nini hamwondolei mama kitu hiki, mnasubiri nini?

Wifi akajibu kwamba kliniki walimkataza. Asiikate kwa wembe, asiipake dawa yoyote ya dukani, kwa sababu mguu wa mtu mwenye sukari ukipata kidonda hauponi upesi. Alisema akienda siku ya kliniki ataionyesha, waiangalie wao.

Jamani, maneno hayo yalikuwa ya kweli yote! Lakini mimi nilisikia mengine. Nilisikia mtu anayetaka mguu wa mama ubaki mbovu ili apate sababu ya kuushika kila jioni.

Mimi mwenyewe nilishawahi kuugua sugu na nikapona vizuri. Kuna plasta ndogo za sugu, katikati zina dawa ya asidi ya salisiliki inayolainisha ngozi ngumu mpaka ikabanduka. Mwuzaji wa duka la dawa pale Handeni mjini alinielekeza nikafuata. Nililoweka mguu, nikasugua taratibu kwa jiwe, nikakata plasta iwe saizi ya sugu yenyewe, nikapaka mafuta ya mgando pembeni ili dawa isiguse ngozi nzima. Sugu ikatoka. Kwa hiyo nilijiona mtaalamu.

Nikamwomba kaka nikae na mama Kwedizinga kidogo. Kaka alifurahi. Wifi alinifungia kanga za mama, vidonge vyake, na hata kile kitambaa cha kukaushia vidole. Akanisisitiza nisiache kumwangalia nyayo. Moyoni nikasema, huyu anataka nimwendelezee kazi yake.

Nikaenda tena duka la dawa. Yule kijana muuzaji aliniuliza plasta ni za nani. Nikashtuka. Anaulizia nini, amepigiwa simu na wifi? Nikamwambia ni zangu.

"Una sukari, mama?" akauliza. "Au miguu huwa inakufa ganzi? Kama ndiyo, hizi sikuuzii, nenda hospitali wakakuone."

"Sina hata malaria," nikamjibu.

Akacheka, akanipa. Nami nikaondoka nimenuna, eti ananichunguza! Mtu ananilinda, mimi naona ananichunguza.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama nimempatia dawa, ila asimwambie mkwe wake kwa sababu atanuna. Mama akaniangalia. Akasema, "Haya mwanangu, kama ndivyo unavyotaka." Kwake yeye, mtoto wa kumzaa hawezi kumletea kitu kibaya.

Nikabandika. Na hapa nisikilize vizuri, maana hata ule utaalamu wangu sikuutumia. Plasta sikuikata. Mafuta pembeni sikupaka. Nilitaka sugu itoke upesi, mama arudi Mnyuzi na mguu laini, nimtazame wifi usoni. Nilikuwa natibu ubishi wangu, mguu wa mama ulikuwa kisingizio.

Kila nilipomuuliza mama kama inauma, alijibu haimuumi. Nikafurahi! Nikasema dawa nzuri haiumi. Mtu mwenye ganzi unamuuliza kama anaumia, kisha jibu lake unalichukulia kuwa ni cheti. Mimi dawa ilipokuwa ikichoma nilikuwa naisikia na kuitoa. Yeye hakuwa na cha kumwambia kwamba imefika nyama.

Nilipobandua niliona ngozi imekuwa nyeupe na laini, mpaka nje ya sugu. Nikaona inafanya kazi, nikabandika nyingine juu yake. Nilipobandua ile ya pili palikuwa pekundu, pamelowa, na kuna kashimo. Hapo nilijua. Nasema kweli, hapo nilijua. Dispensari haiko mbali. Lakini ningesema nini? Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunika kwa kitambaa, na siku ya kumrudisha Mnyuzi nikamvalisha mama soksi.

Soksi, kwenye joto lile la Mnyuzi! Wifi alizitazama mara moja tu. Jioni ilipofika akamkalisha mama uani kama kawaida yake, akamvua. Nilikuwa nimekaa palepale na chai yangu.

Hakupiga kelele. Aliushika ule mguu kwa mikono yake miwili, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hapa pamepatwa na nini?"

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai. Mama akasema hajui.

Wifi akataka waende hospitali asubuhi yake, kabla hata ya kunywa uji. Na hapo ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo linanitoa jasho. Nilimvuta kaka pembeni nikamwambia, umeona? Mama amekaa kwangu mzima, amefika hapa, mkeo amemshika mguu tu, kidonda hicho. Nikamweleza habari ya nyayo kutazamwa na beseni kupotelea nyuma ya nyumba. Nikasema hospitali watapoteza muda tu, kwanza ukoo ukae.

Kaka ni mtu mzuri lakini ni mwepesi wa kuogopa. Wazee wakaitwa. Kumpata baba mdogo kutoka Mazingara kulichukua muda, na muda wote huo mama alikuwa ndani, mguu umevimba, homa imeshaanza. Kabla ya kikao nililitupa boksi la plasta chooni. Asiyejua kosa lake hatupi boksi chooni.

Wifi akaulizwa mbele ya watu maji yale huwa anayapeleka wapi.

"Namwagia mpapai," akasema.

"Na kwa nini ukayamwagie nyuma ya nyumba?" nikadakia mimi.

"Mpapai uko nyuma ya nyumba, wifi."

Hakuna aliyecheka. Leo nikikumbuka natamani angalau mmoja angecheka, pengine tungeamka. Mimi nikageuza hata hilo. Nikasema kumbe ametulisha mapapai ya maji ya miguu ya mama! Na mapapai yale nilikuwa nimeyala mwenyewe, nikayasifia utamu, nikafungiwa mengine ya kuondoka nayo.

Baba mdogo, mtu wa haki yule, akanigeukia akaniuliza kama kule Kwedizinga mguu ulipakwa chochote. Nikasema mafuta tu. Mama mwenyewe hakuna aliyeingia ndani kumuuliza. Wifi akaambiwa akapumzike kwao milimani mpaka mambo yatulie. Alipokwenda kumuaga mama alikuta amelala, akamwekea kile kitambaa cha kukaushia vidole karibu na mto. Sikumwona akilia. Nikashuku hata hilo, nikasema angekuwa hana hatia angelia.

Alipoondoka, mguu ulianza kunuka. Ndipo tukampeleka mama hospitali, kaka na mimi.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Aliukagua mguu, akasema kidonda hiki ni cha duara, kama kimechorwa. Akauliza ni nani aliyembandika bibi plasta ya sugu. Kaka akasema hapana, hakuna plasta, ni mambo ya nyumbani tu. Daktari akauliza tena, safari hii akimtazama mama.

Mama akanisubiri. Nakuapia, alinisubiri niseme mwenyewe. Nilikuwa natazama sakafu.

"Nilimwahidi mwanangu kwamba sitamwambia mkwe wangu," mama akasema. "Daktari sikuahidi kumficha. Alinibandika huyu."

Kaka aliinuka. Alitoka nje, na nilipomfuata akaniinulia kiganja nisikaribie.

Mama alikatwa vidole viwili, kile kidogo na jirani yake. Daktari alisema tungewahi, pengine kisingekatwa hata kimoja. Muda ule tulioupoteza tulikuwa tunamsubiri baba mdogo ili tumhukumu mtu aliyetaka kumpeleka mama hospitali. Uchungu huo hauna dawa ya dukani!

Kaka alipanda milimani kumfuata mkewe. Baba yake wifi alisema binti hatoki mpaka yule aliyemzushia aende mwenyewe. Nikaenda. Nikasema yote mbele ya watu wao, boksi la chooni nalo nikalisema. Wifi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: nani anamwosha mama miguu sasa hivi? Akarudi siku ileile. Usidhani alinirudia mimi.

Basi msomaji, nikuonye kabla sijanyamaza. Plasta ya sugu si adui. Mimi ilinisaidia, na mwenye miguu mizima akifuata maelekezo itamsaidia. Lakini dawa hiyo haijui kutofautisha sugu na nyama, kazi yake ni kula ngozi. Ikate iishie kwenye sugu, linda ngozi ya pembeni, usiweke kwenye kidonda wala ngozi iliyochubuka, na pakiwa pekundu au pakiuma acha mara moja. Na kama mtu ana sukari, au miguu yake ina ganzi, au damu haifiki vizuri miguuni, usimbandike. Mpeleke wakamwone wanaojua. Muuza dawa akikuuliza ni ya nani, mwambie ukweli! Na mtu anayeinua unyayo wa mama yako kila jioni akautazama, mletee taa aone vizuri.

Mimi bado nakwenda Mnyuzi. Nikiingia, mama anavuta miguu yake chini ya kanga, taratibu, kama mtu anayejisogeza tu. Hajawahi kunisema hata neno. Juzi nilichota maji ya uvuguvugu, nikapima kwa kiwiko, nikamwekea beseni mbele yake na kupiga magoti.

"Weka hapo, mwanangu," akasema. "Mkwe wangu anakuja kuniosha."

Nikaweka. Wifi akaja, akamwosha, akamkausha, akautazama unyayo ule wenye vidole vitatu. Kisha mama akaniambia angalau nikayamwage maji. Nikabeba beseni nikazunguka nyuma ya nyumba, nikayamwaga yote pale kwenye shina la mpapai. Nilipogeuka nilimkuta wifi amesimama kwenye kona ya nyumba, ananitazama nimeyamwaga wapi.