Pikipiki Iliyoatamiwa

Baba yangu alikuwa bwana shamba, na kwa miaka mingi wakulima wa vijiji vya kuzunguka Ipogolo waliujua mlio wa pikipiki yake kabla ya kuiona sura yake. Kisha siku moja waya wa klachi ukakatika. Akaisukuma mpaka nyumbani, akaiegesha kwenye banda la kuku isinyeshewe, akasema atanunua waya kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka kumi na saba.

Nilikuwa nimekwenda Iringa likizo ya Pasaka, mwalimu wa hesabu wa miaka arobaini na sita, na maishani mwangu nilikuwa sijawahi kufungua nati yoyote zaidi ya ile ya mtungi wa gesi. Mama alinituma mayai bandani. Nikaiona pikipiki imesimama kwenye kona, imepakwa vinyesi kuanzia usukani hadi kibao cha namba, na nikakumbuka baba alivyokuwa akinikalisha juu ya tangi kunipeleka shule, meno yakinigongana njia nzima. Nikarudi jikoni bila mayai.

"Baba, naomba ile pikipiki nikaitengeneze."

"Ichukue," alisema, haraka mno, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuombwa. "Leo kuna lori la shemeji yako linapeleka mbao Mbeya. Iende leo leo."

"Haiendi," mama alisema bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. "Ina kuku."

Kweli ilikuwa na kuku. Juu ya siti, pale sponji ilipokwisha likabaki shimo, kuku mwekundu wa mama alikuwa ameatamia mayai tisa, na alinitazama kama karani anayeulizwa swali dakika moja kabla ya kufunga ofisi. Mama alisema kuku akihamishwa atayasusa mayai. Baba alisema lori halisubiri kuku. Wakabishana kwa Kihehe cha kasi ambacho hata mimi niliyekulia ndani yake hubaki nyuma, na mwishowe wakaafikiana: pikipiki itaondoka, na kuku ataondoka nayo bila kushuka. Baba akamfunika kwa tenga na kulifunga chini ya siti kwa kamba. Wanaume wanne wakaipandisha pikipiki juu ya mbao, wakitembea kama wamebeba jeneza la mtu mkubwa.

"Usafiri salama, mwanangu," mama akasema. Nilikuwa naanza kuitikia nilipoona kwamba analiangalia tenga.

Karibu na Makambako askari wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka lori zima, akaishia nyuma.

"Hii pikipiki ina kadi?"

"Hii hapa, afande."

"Na hilo tenga?"

"Kuku, afande."

"Kwa nini kuku yuko juu ya pikipiki?"

"Anaatamia."

Askari alipanda juu ya mbao, akapenyeza kidole kwenye tenga ili kuthibitisha, akadonolewa. Alishuka taratibu huku akikitazama kidole chake.

"Nendeni," alisema. Kisha akamwambia dereva, "Na kwenye matuta uende polepole. Umebeba mayai."

Nyumba yetu iko Ilomba, na ina gereji moja ambayo mume wangu aliijenga kwa ajili ya gari lake. Mume wangu ni Mnyakyusa mwenye sauti nzito, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na gari hilo hulifuta kila asubuhi kwa kitambaa ambacho mimi siruhusiwi kukigusa. Alipoona lori linaingia uani na mimi nimekaa mbele, alivua kofia.

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Nimeleta pikipiki ya baba."

Akaiangalia pikipiki, kisha tenga, kisha gereji.

"Kuku naye?"

"Hawezi kushuka. Wiki mbili tu."

Jioni hiyo gari lilihamia nje, kwenye baridi ya Mbeya, na mume wangu akalifunika blanketi letu la wageni. Siku tatu hakuingia gereji. Alipita mlangoni tu, akikohoa.

Aliyekuja kunisaidia ni jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alihamia Mbeya kutoka Tanga akiuza vitambaa. Yeye mwenyewe aliuza vipuri vya pikipiki Mwanjelwa mpaka macho yalipochoka. Mikono yake bado inaona vizuri. Akishika bolti anakuambia ukubwa wake bila kuitazama. Tatizo lake moja ni kwamba Kiswahili chetu cha huku juu kinamuuma kama jino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia una mgonjwa."

"Ndiyo. Kabureta imezingua."

"Kabureta haizingui, mwanangu. Kabureta huziba. Tuanze na hilo."

Basi nikafundishwa pikipiki na sarufi kwa pamoja. Nati haijagoma, imeshika kutu. Mnyororo haujachoka, umelegea. Waya wa klachi haujafa, umekatika, tukaweka mpya. Tulifanya kazi chini ya kuku, tumeinama kama mbuzi wanaonyonya, na kwa kuwa hakutakiwa kushtuka, nyundo tuliiviringishia soksi na maneno tuliyanong'ona. Spana ikinidondoka, kuku aliguna, na mzee alimwomba radhi kwa adabu zote. Kwenye bomba la moshi tulitoa kiota cha panya, kalamu mbili na soksi ya mtoto.

Siku ya nne tukafika kwenye tangi. Lilikuwa zito, tukadhani ni petroli iliyooza. Nilipoliinamisha juu ya beseni, yalitoka maharage. Yakatoka, yakatoka tena, makavu, mekundu, yanang'aa, beseni likajaa nikaomba la pili. Mzee alichukua moja, akaling'ata.

"Haya," alisema, "ni maharage."

Nikampigia baba simu.

"Baba, kwenye tangi la pikipiki kuna maharage."

Nilimsikia akisogea mbali na watu.

"Ni mekundu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mekundu."

"Mbegu zangu! Niliziweka humo panya wasizifikie." Kisha akanong'ona, "Usimwambie mama yako."

Lakini mama yuko kila mahali simu inapoongelewa. Nilimsikia akiuliza mbegu gani, nikasikia simu ikibadilisha mkono. Ndipo nikajua kwamba tangu mwaka ule pikipiki iliposimama, kila msimu wa kupanda baba alikuwa akimkumbusha mama siku alipozipika mbegu zake nzuri kuliko zote, na kila msimu mama alikana, na watu wa ukoo walishaitwa hadi mara mbili kusuluhisha.

"Kwenye tangi?" mama aliniuliza.

"Kwenye tangi, mama."

"Rudia tena. Nimeweka sauti kubwa. Wageni wapo."

Nikarudia. Nyuma nikasikia makofi. Baba aliomba msamaha siku hiyo hiyo mbele ya wageni, kisha Jumapili, kwa sharti la mama, mbele ya wale wale wa ukoo waliomwamini. Mama aliniambia alimkatiza katikati na kumtaka aanze upya, kwa sababu wa nyuma hawakusikia.

Vifaranga saba walitotolewa asubuhi moja ya Jumanne. Mume wangu ndiye aliyewaona kwanza, maana kumbe alishaanza kuingia gereji kwa siri kumpelekea kuku pumba. Aliniita kwa besi iliyotetemeka. Tulisimama pale kama tuko wodi ya wazazi. Kuku alishuka mwenyewe kwenye pikipiki, akajinyoosha mguu mmoja mmoja, na akatoka nje na watoto wake kana kwamba amefika kituo chake. Siku hiyo hiyo nikapeleka siti kwa fundi wa makochi, naye akanirudishia imevalishwa kitambaa cha maua ya zambarau, kilichobaki kwenye sofa la mtu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuwasha. Mzee alisema bismillahi, mimi nikapiga kiki. Nikapiga ya ishirini, ya thelathini. Mume wangu akapokea, suruali ikachanika, akarudi ndani kubadilisha, akarudi. Mzee alikuja kwa viatu vyake vya wazi, akaisogeza kiki taratibu kwa unyayo kama anayetafuta kitu gizani, akaikanyaga mara moja. Pikipiki ikapiga mshindo, ikatema masizi yote ya miaka kumi na saba juu ya majoho meupe ya kwaya yaliyokuwa kwenye kamba, kisha ikaunguruma. Ulikuwa mlio ule ule. Machozi yalinitoka, na mume wangu akayatazama majoho, naye yakamtoka.

Nilisema nitakwenda mpaka getini tu. Utotoni niliwahi kuiendesha uani kwa baba, nikaamini mwili haujasahau. Haukuwa umesahau kuondoka. Getini nilirudisha mkono wa mafuta, nao ukakataa kurudi. Waya ulikuwa umenasa. Nikapita geti, nikapita genge la mama wa viazi, nikashuka mteremko hadi kwenye uwanja wa mpira, ambako waendesha bodaboda wa Ilomba walikuwa wakicheza na wenzao wa mtaa wa Soweto. Niliingia kupitia kona.

Uwanja mzima ulikuwa umejaa wataalamu wa pikipiki, na wote walinishauri kwa wakati mmoja.

"Kamata klachi, mwalimu!"

"Usikamate! Kanyaga breki!"

"Zima ufunguo!"

"Ruka!"

Nilizunguka uwanja mara tatu. Mzunguko wa pili mshambuliaji wa Soweto alitumia nafasi hiyo kufunga bao, kwa sababu mabeki wote walikuwa wakinikimbia mimi. Wa Ilomba wakapiga kelele kwamba bao si halali, mwamuzi akapuliza filimbi, na nilipompita tena alinionyesha kadi ya njano. Mzunguko wa tatu nikaona nyuma ya goli lundo la maranda ya mbao. Nikalilenga. Nilipotoa kichwa, injini ilikuwa imezimika, maua ya zambarau yametapakaa maranda, na mwamuzi amesimama juu yangu na kadi nyekundu.

"Pole, mwalimu," alisema, huku akiwa bado ameinyanyua. "Lakini sheria ni sheria."

Mzee aliweka waya mpya wa mafuta, akaniambia kwamba mkono wa mafuta haukukataa, ulinasa. Mimi nikaenda kujifunza upya na kuchukua leseni, kwa mwalimu aliyekuwa mlinda mlango wa Ilomba siku ile na ambaye hakuacha kunitajia lile bao.

Mwezi wa sita baba na mama walikuja kwa basi kuiona. Baba aliizunguka pikipiki mikono nyuma, akagonga tangi kwa kidole, akagusa maua ya siti. Kisha akaomba aende nayo mara moja tu, mpaka dukani kwenye kona, alete mkate.

Saa moja ikapita, ikaja ya pili. Mama alisema tusihangaike, mtu huyo ana historia ya kuchelewa. Tukaenda kumtafuta hata hivyo, mimi na mume wangu, na tukamkuta kwenye kijiwe cha bodaboda, amekaa juu ya pikipiki, nyuma yake mama mmoja mnene na kiroba cha kabichi mapajani. Kiongozi wa kijiwe alinikimbilia.

"Mwalimu, huyu mzee ni wako? Anapakia abiria bila foleni! Huyo ni wa tatu!"

"Sijamwita mtu," baba alisema. "Wanapanda wenyewe."

"Mama, shuka basi upande ya kwangu," kiongozi akamsihi yule abiria.

"Sishuki," alisema yule mama, akikumbatia kabichi zake. "Nyie mnakimbiza kama mmeiba. Huyu anaendesha kama anabeba mayai."

Mume wangu alinitazama. Mimi niliyatazama matairi.

"Baba," nikasema, "mkate uko wapi?"

"Nampeleka huyu Soweto, nikirudi napitia," alisema, akapiga kiki moja, akaondoka taratibu sana, akitoa ishara ya mkono kwenye kona ambayo haikuwa na gari hata moja. Tuliagiza chai tukamsubiri hapo kijiweni. Alirudi baada ya dakika arobaini, hana mkate, amepakia abiria mwingine.