Ukipotea, Kaa Kwenye Duara

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na kitu pale Shinyanga mjini. Nilipostaafu nikaona kubaki mtaani kwangu Ngokolo kuamua ugomvi wa majirani na kuku wao si maisha. Nikahamia kwa dada yangu kule Runzewe, na haikupita muda nikajiandikisha kujitolea kwenye hifadhi ya wanyama ya jirani. Kazi yenyewe ni kupokea wageni, kuokota chupa wanazotupa, na kuwakumbusha kwamba nyati si ng'ombe. Hili la mwisho Wasukuma wenzangu hawalikubali kirahisi. Wakimwona nyati wanaanza kukadiria angefaa kwenye mahari ya nani.

Wageni walikuwa wakipotea kwenye njia ya miguu. Tukapanga mawe kwa mviringo sehemu tano, tukayapaka chokaa, ili aliyepotea aende hapo asubiri kufuatwa. Mwenzangu wa kujitolea, mfugaji mmoja mpole, alisema kibao cha njiani kiandikwe tu "mawe meupe". Nikamwambia umbo lile lina jina lake. Miaka yote ile ya chaki, halafu mtu anifundishe maumbo! Nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: UKIPOTEA, KAA KWENYE DUARA.

Jumamosi moja likaja basi la kanisa kutoka upande wa Geita. Ndani yake kulikuwa na mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa amechimba dhahabu tangu ujana wake, na wenzake walipokuwa wakitazama twiga, yeye alitazama mawe. Saa nane mchana tukahesabu watu getini, mzee hayupo.

Askari wa hifadhi akasema tembo wenye watoto walikuwa bondeni tangu asubuhi, na ikifika saa kumi na mbili hakuna atakayetembea humo kwa miguu. Tukaenda kwenye maduara yote matano. Hamna mtu. Tukarudia tena yote matano. Nakiri nilikasirika. Kibao kinasomeka, mtu anajua kusoma, sasa shida iko wapi? Nilishaamua kwamba yule mzee ni mkaidi.

Saa kumi tukarudi getini. Mkewe alikuwa kwenye benchi, amekumbatia mkoba uliokuwa na dawa za presha za mumewe.

"Mlimwambia akae wapi?" akaniuliza.

"Kwenye duara, mama."

"Na huko mmeangalia?"

"Yote matano."

"Mkashuka ndani?"

"Ndani ya nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama watoto waliokwama kwenye kugawanya. "Mwalimu, duara ni shimo la dhahabu. Kwetu mtu akiwa duarani, yuko chini ya ardhi."

Mfugaji akakohoa. Hakunikumbusha mawe yake meupe, na ninamshukuru mpaka leo.

Nyuma ya kilima yalikuwepo mashimo ya wachimbaji wa zamani, ya kabla eneo halijawa hifadhi. Tulikuwa tumeyazungushia matawi ya miiba tu, tukasahau. Tulikwenda mbio, mimi na magoti yangu haya. Shimo la kwanza lilikuwa tupu. Kwenye la pili miiba ilikuwa imesogezwa pembeni vizuri, na viatu viwili vimewekwa ukingoni, vimeelekea njia. Niliogopa mpaka nikakosa namna ya kumwita. Likanitoka lile nililofundishwa utotoni.

"Shikamoo," nikaliambia shimo.

"Marahaba," likajibu.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya udongo, kina cha watu wawili hivi. "Mmechelewa," akasema. "Na duara lenu hili halina magogo ya kuzuia udongo. Litaua mtu."

Askari akashusha kamba, tukamvuta. Mimi hofu ikiniisha hugeuka ukali, kwa hiyo nikamgombeza. "Baba, wewe mchimbaji, umeona shimo bovu namna hii, ukaingiaje?"

Akapangusa udongo kwenye suruali kabla ya kunijibu. "Mwanangu wa kwanza alifukiwa duarani. Tangu siku ile sikutia tena mguu kwenye duara lolote. Leo nimesimama hapo juu muda mrefu sana, mwalimu. Mwishowe nikasema wenye msitu wameandika, watakuwa wanajua wanachosema."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya darasa lolote. Nikapiga magoti pale kwenye kifusi, nikamvisha viatu na kumfungia kamba zake, kimoja kimoja, na hakunizuia.

Tulirudi polepole, mkono wake begani kwangu. Tulipofika kwenye kibao akasimama, akakisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Sasa nikipotea tena," akauliza, "nikae wapi?"

"Hapo hapo ulipo, baba," nikamwambia. "Nitakufuata mimi."