Donge la Udongo

Karani mzee wa kijiji cha Holmby hakuwa na haraka. Shamba likiuzwa, alichimba donge la udongo, akalipuliza kama uji wa moto, ndipo muuzaji alipomkabidhi mnunuzi donge hilo. Bila hilo, ardhi haikuhama mikono. Karani mwenzake, Pinnock, alihifadhi kichwani hati za ardhi ambazo hata mahakimu walikuwa wamezisahau, lakini alimwonea mzee wivu hata kwa kucha zake chafu. Leo alimtangulia kwa mjane Orrell, aliyekuwa akiuza shamba lake, koleo mkononi.

"Lete mkono, mama. Nimeshachimba."

"Wewe na koleo, tangu lini? Namngoja yule karani mzee."

Mzee akaja, akamwekea mjane donge kiganjani, akangoja mpaka mjane alipomaliza kulia. Kabla mjane hajamkabidhi mnunuzi, mzee akamegua chembe, akamwachia mjane. Pinnock akavificha vidole vyake safi.