Pipa Lililokataa Kukosea

Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa karakana ya shamba la ngano la serikali, upande wa Balangdalalu. Ngano ilienea mpaka macho yanachoka, nami nilitamani kuwa kwingine kokote.

Msimu mmoja mama mmoja, mhadhiri, alileta wanachuo wake wa uhandisi. Alilalamika kwamba chuoni wanajifunza udhibiti wa mitambo ubaoni tu. Tukamtengenezea pipa lenye boya: maji yakipungua, koki ya juu inafunguka; yakizidi, inajifunga.

"Ukinisaidia vizuri," akaniambia, "nitakuombea kazi kwenye maabara yetu."

Jumapili hiyohiyo nikaenda Nangwa, kijijini kwetu, kuaga watu. Hata redio yangu nikamgawia rafiki.

Sasa, kwetu mgeni haonyeshwi kitu kibovu. Kikombe chenye ufa kinafichwa akiwa bado mlangoni. Zoezi lilipoanza, maji yakawa yanapanda na kushuka kama mbavu za ng'ombe aliyekimbizwa. Nikaona aibu kwa niaba ya shamba zima. Nikajibanza nyuma ya pipa, nikashika koki ya chini, ya kutolea maji, na kuyatuliza kwa mkono. Wanachuo wakachora mstari ulionyooka kama rula.

"Yanapaswa kuyumba," mhadhiri akanung'unika. Akazunguka nyuma. "Mkono wako unafanya nini hapo?"

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, ingawa nilikwishamwamkia asubuhi.

"Jamani, mtambo unaamkia!" mwanachuo mmoja akapiga kelele.

Mama hakukasirika. Alinifunga macho kwa kitambaa chake. "Basi wewe ndiye koki." Akamwagiza mwanachuo asome kina cha maji, lakini achelewe kidogo kunitangazia. Nikisikia "yamepanda", yalikwishashuka; nikamwaga pale nilipopaswa kubana. Mara pipa likakauka, mara likafurika mpaka viatuni mwangu.

"Kumbe ni kuchelewa kwa taarifa!" wakashangilia, wakiandika mbio. Somo la muhula mzima liliwaingia mimi nikiwa nimelowa.

Siku yao ya kuondoka nilikuja na sanduku.

"Kijana wangu," akasema kwa upole, "maabara inataka mtu anayeweza kutazama kitu kikikosea asikiguse. Wewe huwezi."

Pipa alilichukua. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipandisha kwenye lori.

Kisha nikaenda Nangwa kudai redio yangu. Rafiki akanimiminia chai, akaongeza sauti ya redio.