Kiti Kina Nafasi, Mbwa Hana

Kiti cha plastiki kilichovunjika mguu mmoja kilipandishwa lorini. Nilikiona kwa macho yangu. Paneli ya sola iliviringishwa blanketi kama mtoto mchanga, mbuzi kilema akabebwa kifuani, hata sufuria lisilo na mfuniko likapata pahali pake. Kisha shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akafunga mlango wa nyuma wa lori na kusema tumemaliza. Mbwa wangu alikuwa bado amelala chini, pale pale ulipokuwa mlango wa boma, akingoja kuona tunaelekea wapi.

Nina hasira mpaka leo, na sina haraka ya kuitua.

Mvua ilikuwa imetukimbia upande wetu wa Balambala kwa muda mrefu, ndipo habari ikaja kwamba Hulugho kumenyesha. Zamani tulipohama kwa ngamia, mbwa alifuata kwa miguu na hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hizi tunakodi lori. Lori halifuatwi kwa miguu, tena na mbwa mzee ambaye miguu ya nyuma imekakamaa na masikio hayasikii. Kumwacha pale ni kumwandalia fisi chakula cha jioni. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu akapata kitu kingine cha kutazama.

Mbwa huyo alikuwa mwenzangu. Sisemi kipenzi, maana sisi hatumchezei mbwa wala hatumlazi ndani. Mate yake ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa mchanga. Sheria yangu naijua, sihitaji kukumbushwa na mtu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumgusa. Yeye alikuwa na kopo lake, mimi nina kikombe changu, na kati yetu urefu wa fimbo ya kuchungia. Baada ya swala ya alasiri nilitoa kigoda nje nikanywa chai, yeye akalala upande wake, tukatazama mbuzi wakirudi. Nilimrushia kipande cha anjera. Ujanani alikidaka hewani. Macho yalipofifia nikawa nakitupa karibu na pua yake. Alipoacha kusikia, nikajifunza kupiga mguu chini. Aliuhisi mtikisiko, akainua kichwa. Watoto wangu wako Garissa mjini na simu zao. Aliyekaa nami jioni ni huyo.

Nusu ya sikio lake la kushoto ilikwenda na fisi. Asubuhi yake tulikuta mbuzi wote wazima, wangu na wa shemeji, maana boma letu lilikuwa moja. Shemeji alimshukuru Mungu, na ndivyo inavyopasa, lakini mbwa alirushiwa utumbo tu. Na hao hao waliolala usingizi mnono kwa sababu yake hawakunywa chai kwangu, eti vyombo vyangu vina mashaka. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajui kusoma dua.

"Na mbwa je?" nikamuuliza shemeji.

Dereva alikuwa mtu wa Mwingi, kwa hiyo shemeji akageukia Kiswahili ili anishinde mbele ya mgeni. "Dereva, wewe washa gari. Mbwa anabaki. Hii gari iko na maji ya watu, fijana wote wanakunywa hiyo."

"Mitungi ya maji iko mbele," nikasema. "Mbwa atakaa nyuma na mbuzi."

"Wallahi, mimi sijaona mbwa anabebwa na lori. Watu ya Hulugho watatucheka. Na huyu amezeeka, abaayo, dada yangu. Kazi yake imekwisha."

Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi, sauti ninayo.

"Wewe pia umezeeka!" nikamwambia. "Jana mtungi mmoja ulikushinda kuinua. Mbona hatukuachi hapa?"

Vijana wakacheka, wakajikohoza haraka. Dereva akazima injini. "Mimi nangoja mama," akasema.

Hakuna aliyesogea kunisaidia. Nikafungua mlango wa nyuma mwenyewe, nikakivuta kile kiti, nikakitupa chini. Kisha nikaenda kwa mbwa, nikapiga mguu. Akainua kichwa. Nikaingiza mikono chini ya kifua chake nikamnyanyua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, kumbe ni mifupa mitupu. Alitetemeka, maana hata yeye hakuzoea kuguswa. Halafu akanilamba mkono, kuanzia kiwiko hadi vidole.

"Umeona sasa!" shemeji akapiga kelele.

Niliona. Nikampandisha, nikapanda naye, nikakaa sakafuni na mbuzi. Shemeji akakiokota kiti chake, akakifunga kwa kamba juu kabisa ya mizigo.

Tuliposimama njiani kuswali, nikachukua maji ya mtungi wangu nikaosha mkono ule mbele yao wote, mchanga kwanza, halafu maji, nikihesabu kwa sauti hadi saba kama nilivyowahesabisha watoto darasani.

"Unamaliza maji ya kunywa juu ya mbwa," akasema.

"Namaliza yangu."

Sikumwambia kwamba ningeweza kuosha mapema, tukiwa bado hatujaondoka. Mkono ule niliuacha ukauke wenyewe njia nzima. Kwa muda huo sikuwa na hasira na mtu.

Tulifika upande wa Hulugho siku ya pili, jua likishuka. Wenyeji wakatuonya kuwa fisi ni wengi. Vijana wakaanza kukata miiba ya boma, naye shemeji akasimama katikati akielekeza kwa kidole. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Yeye aliwatukana tukiwa Balambala, uchungu ukamshika Hulugho.

"Hapa acheni mlango," akawaambia vijana. "Na mbwa alale hapa, karibu na mbuzi zangu."

"Mbwa gani?" nikamuuliza.

"Mbwa yako, abaayo."

"Wangu amezeeka. Kazi yake imekwisha. Si ulisema?"

Nikapiga mguu chini. Mbwa akanyanyuka kwa taabu, akanifuata hadi nyuma ya mizigo yangu, akalala nilipomwekea kopo lake. Kisha nikafungua kamba, nikamletea shemeji kiti chake cha miguu mitatu, nikakisimamisha penye mlango wa boma.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Ukimwona fisi, bweka."