Sauti Moja Ndege Huizoea

Mwaka niliopanda dungu mara ya kwanza tulikula kambale kwa ndizi mbichi mpaka watoto wakawa wanalia wakiona sufuria. Maji yalipanda yakachukua mpunga wote wa karibu na mto, na wali ukabaki chakula cha Pasaka na cha mgonjwa. Kwa hiyo mpunga ulionusurika, ule wa upande wa juu kule Mchombe, ulilindwa kama mwali. Nami nikachukuliwa kuulinda. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini koo nilikuwa nalo.

Kazi yenyewe inaitwa kuamia. Ni kufukuza ndege shambani tangu punje zikiwa maziwa, yaani ukizibinya zinatoa uji mweupe, mpaka siku ya kuvuna. Mwamiaji anakaa juu ya dungu, kichanja cha miti kilichoupita mpunga kwa urefu. Ana kombeo la kurushia udongo na ana debe la kupiga. Lakini kombeo linachosha mkono, debe linachosha masikio. Silaha ni sauti. Kwelea kwelea wakishuka kundi zima nawe umesinzia, wanamaliza jaruba na kukuachia mabua matupu yamesimama wima kama yanakusalimia.

Siku ya kwanza Mzee Nyapara, mtu mfupi wa Kindamba, alipanda nami. Akapiga ukelele mmoja tu, ndege wakainuka kama moshi. Nikakaa pembeni yake nimestarehe kama bibi harusi. Jua lilipokuwa kichwani akashuka, akasimama chini anatafuna muwa. Ndege wakashuka. Nikapiga kelele, wakaendelea kula.

"Mzee, panda tena!" nikalia. "Wanakuogopa wewe!"

"Nikipanda mimi, wewe watakuogopa lini?" Akatema makapi. "Ndege hajui Kiswahili, binti. Anachojua ni kama unaogopa."

Nikamchukia siku ile. Nililia kwa hasira, nikapiga kelele huku nalia, na kelele ile ya kilio ndiyo iliyowainua. Yeye akaenda zake kukagua madungu mengine, wala hakugeuka nyuma.

Basi kelele ile ikawa yangu. Kila dungu lina sauti yake, mtu akipita njiani anajua hapa yupo fulani. Lakini sauti ina ugonjwa mmoja: ndege huizoea. Mwanzo wanaruka, baadaye wanainua vichwa tu, mwisho wanakula huku wanakusikiliza kama wateja wa mgahawa na redio. Yangu ilipofika hapo nikaiba ya jirani. Jirani alikuwa Mama Getruda, mwanamke wa Mahenge, mwenye mlio mrefu unaopanda na kukatika ghafla. Niliupiga asubuhi, ndege wakatawanyika. Kabla sijamaliza kufurahi nikamwona anakuja katikati ya majaruba, tope mpaka mapajani.

"Mwizi we! Wakiizoea kwako, mimi kwangu nitawafukuza na nini? Na khanga?"

Tukafikishana kwa Bwana Shamba. Hakuuliza sana. "Sauti ya jirani huombwa," alisema. "Na ukiomba, unampa ya kwako." Tukabadilishana palepale, na mpaka anakufa Mama Getruda alikuwa shoga yangu. Hiyo ndiyo sheria ya dungu.

Baadaye nilihamia Malinyi, na mwisho nikarudi upande huu kwenye shamba kubwa, Meneja akanifanya msimamizi wa waamiaji. Nilisimamia vijana wengi, na niliona jambo moja. Mgeni hung'ang'ania sauti iliyompa bahati siku ya kwanza, hata ikishakufa. Anaogopa akiiacha atabaki bubu. Anayethubutu kubadilisha ni yule aliyekwisha kuiweza ya kwanza, maana anajua koo ni lake. Meneja aliwahi kunifuata juu juu: "Mama, hawa watu wako kila wiki kelele mpya, wanacheza au wanafanya kazi?" Nikamwambia, "Meneja, nikiwaacha na kelele moja, utavuna majani." Akacheka, akaondoka. Tulivuna mpunga.

Niliacha kazi magoti yalipokataa ngazi. Siku hizi wanavuta utepe wa kaseti juu ya mpunga, upepo ukipita unavuma, ndege wanaogopa. Eti muziki wa zamani ndio unaamia. Sawa. Nami nikaja Ifakara kukaa na kuku wangu.

Sasa nije kwa mjukuu wangu Deo, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Jina lake la jukwaani silitaji, mnalijua. Ndiye yule aliyechana mistari, hiyo rap yao ya kusema haraka juu ya mdundo, mpaka Dar wakanyamaza. Alianzia hapa Ifakara huku wenzake darasani wakimpigia mdundo kwa ngumi mezani, na nilipomsikia kwenye redio mara ya kwanza niliacha mboga ikaungua. Halafu mwaka jana akatoa wimbo wa kuimba. Kuimba kabisa, sauti laini, na chini yake ngoma za sangula, zile za Wapogoro wa Mahenge.

Maneno yakaja mpaka uani kwangu. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia, "Bibi, shikamoo. Mume wako kaishiwa. Sasa anaimba kama kwaya ya kina mama."

"Marahaba. Na wewe tangu uanze kuendesha una njia moja tu, sokoni na hospitali. Nimekuuliza kama umeishiwa?"

Lakini moyoni nilikuwa na swali. Deo alipokuja, akiwa na onyesho pale uwanja wa mpira, la kwanza nyumbani tangu abadilike, nilimkalisha jikoni nikamuuliza wazi.

"Mume wangu, kuchana kumekushinda?"

"Hakujanishinda, Bibi. Naweza kuchana hapa mpaka hiyo chai ipoe."

"Sasa?"

Akachezea kifuniko cha birika. "Nilikuwa nachana njaa, Bibi. Nalala sebuleni kwa watu, nachana hiyo. Sasa nina nyumba, nina mke, nina mtoto anaitwa jina lako. Nikisimama nikasema nina njaa, nitakuwa muongo, na watu wataona. Halafu wale walionipenda mwanzo wamekua. Wanaoa, wanazika. Wanataka wimbo wa kucheza na mama zao, redio isizimwe. Na kuna vitu siwezi kuvichana. Mama nimejaribu kumchana, haingii. Inaingia nikiimba."

Mama yake alikuwa binti yangu, nami ndiye niliyemzika. Nikammiminia chai ili nisimtazame.

Nikamweleza habari ya ndege na sauti, akafurahi, akajipiga paja. "Basi ndiyo hiyo, Bibi!"

"Ngoja kwanza. Hizo ngoma za sangula uliziomba?"

Akaanza kueleza habari za studio, wamezitoa kwenye mkanda wa zamani, mtayarishaji amezikata. Nikamwuliza tena: uliomba? Hakuomba. Nikamsimulia Mama Getruda na tope lake mpaka mapajani. Kesho yake alfajiri alikuwa ndani ya basi la Mahenge. Akarudi na wazee wawili wapiga ngoma, wote wanacheka. Nikauliza, amewapa nini nyie? Kumbe amewapa ya kwake: njia nzima amemfundisha mmoja wao kuchana.

Lakini kadiri siku ya onyesho ilivyokaribia, Deo akawa hali chakula. Vijana wa mjini walikuwa wanasema watamzomea. Kuzomewa Dar unapanda gari unaondoka, alisema. Kuzomewa nyumbani unaondoka kwenda wapi? Ndipo akaniletea ombi lake.

"Bibi, panda na mimi. Ule ukelele wako wa dungu, uupige mwanzo tu. Hapa kila mtu anakuheshimu. Ukiwa nyuma yangu hawatathubutu."

Nikasikia muwa wa Mzee Nyapara unatafunwa. Nikamwambia, "Ndege walikuwa wangu, watu ni wako. Sipandi."

"Bibi, mara moja tu."

"Ukelele nakupa, ni wako, umeuomba. Mimi hunipati."

Akaondoka amenuna kama alivyokuwa akinuna mdogo, mdomo mbele, na mimi nikabaki najiona mwanamke mbaya. Wajukuu hawajui gharama ya kuwanyima.

Alasiri ile uwanja ulijaa. Niliwekewa kiti cha plastiki upande wa goli, na mwavuli. Deo akapanda na wazee wake, akapiga ukelele wangu. Aliupiga vizuri, kidogo mfupi. Watu wakashangilia. Halafu akaanza kuimba, na shangwe ikazimika. Kule nyuma vijana wakaanza: "Chana! Chana! Chana!" Deo akapoteza mstari. Alinitazama. Wallahi alinitazama macho yale ya homa, ya alipokuwa hajafika kiunoni kwangu. Mimi nikaangalia nguzo ya goli.

Akanyamaza. Ngoma nazo zikanyamaza. Nikahesabu amekwisha.

Akasema kwenye maiki, polepole, "Nikimaliza huu nitachana mpaka mchoke. Huu ni wa mama yangu. Alikuwa anauza vitumbua pale stendi, wengine wenu mlikuwa mnakopa." Watu wakacheka kidogo. Akaanza upya bila ngoma, sauti tupu, na safari hii hakuwa anaomba mtu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaitikia. Wa pembeni yake akaitikia. Ngoma zikaingia chini kwa chini, na kina mama wa Ifakara waliokuja kuchungulia tu wakavua ndala. Vijana wa bodaboda wakavumilia, kisha nikawaona mabega yanacheza yenyewe. Na yule mzee wa Mahenge aliposhika maiki akachana kwa Kipogoro, akimtania mkwe wake mvivu, uwanja ulipasuka. Mpaka mapadri walicheka.

Mimi nilikuwa nalia chini ya mwavuli. Uzee una kitu kizuri kimoja: unaona sauti yako inatoka kwenye koo jingine, na koo lako limepumzika. Watu wanaulizana kwa nini waimbaji wa kuchana wakishapata jina huenda kwenye taarabu, kwenye injili, kwenye ngoma za bibi zao. Wanasema tamaa. Wanasema kuishiwa. Mimi nasema mtu akikua, na sauti ikue.

Ndipo Deo akaruka chini kutoka jukwaani, amelowa jasho, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu. Hakuwa na hofu tena, alikuwa na furaha tu. Akanishika mkono. "Mke wangu, twende! Wanakutaka!" Uwanja mzima unapiga makofi, "Bi-bi! Bi-bi!" Nisiwadanganye, miguu ilitaka. Magoti haya mabovu yalikuwa yamekwisha kuanza kunyooka, na koo limejaa mpaka juu. Lakini ilikuwa siku yake ya kwanza peke yake kwenye dungu, na ndege walikuwa wamemsikia yeye. Nikautoa mkono wangu mkononi mwake, nikambusu kiganja, nikamwambia kwa sauti waliyoisikia mpaka nyuma bila maiki:

"Ndege walikuwa wangu, watu ni wako. Sipandi."