Supu ya Fundi Tanuri

Jina lake halisi wengi hawakulijua, na waliolijua walikwisha kulisahau. Pale kiwandani pa vigae aliitwa Bi Mwiko, maana hakuuachia mwiko wake hata alipokwenda kumpokea mgeni mlangoni. Alikuwa mpishi wa kiwanda, mjane mwenye kicheko kikubwa na mdomo usiojua kupumzika. Chumvi yake haikuzidi wala haikupungua, na hakuona haya kulisema hilo mwenyewe.

Kiwanda kilikusanya mafundi kutoka kila pembe ya dunia, na kila mmoja alikuja na hamu ya chakula cha kwao. Basi Bi Mwiko akaweka utaratibu. Kila mwisho wa mwezi alipika chakula cha kwao mtu mmoja. Mwenye zamu aliingia jikoni, akaketi kwenye kigoda kando ya sufuria, akaeleza mama yake alivyokuwa akipika, kisha akaonja wa kwanza. Akisema "ndiyo chenyewe", zamu yake imekwisha. Akisema "bado", anarudi tena baada ya miezi michache. Asiye na zamu hakanyagi jikoni humo. Waliojaribu walitoka mbio, mwiko nyuma yao.

Hivyo ndivyo Bi Mwiko alivyojifunza kufunga wali kwenye majani ya mzabibu, kuchachusha kabichi kwa chumvi na pilipili, na kumwivisha samaki kwa maji ya ndimu bila kumpitisha motoni. Wote walisema ndiyo. Fundi wa rangi aliulilia mkate wa unga wa dengu, mwanamume mzima na ndevu zake, na Bi Mwiko akalia naye, halafu akamfukuza asije akaulowesha.

Aliyebaki ni mmoja tu, Fundi Tanuri, mgane mpole aliyechoma vigae. Kwao walikunywa supu nyekundu ya bitiruti na kabichi, yenye uchachu, na kijiko cha mtindi mzito juu yake. Bi Mwiko aliipika kwa ndimu. "Bado," akasema Fundi. Akaipika kwa siki. "Bado kidogo." Akavundika bitiruti mtungini mpaka zikatoa povu, akaipika supu kwa maji yake. Fundi akafumba macho, akamaliza bakuli, akaomba la pili, akaramba kijiko, ndipo akasema, "Imekaribia, Bi Mwiko. Lakini bado."

Jambo hilo lilimkaa Bi Mwiko rohoni kama mwiba.

"Dada, asiyekubali kushindwa si mshindani," alimtania mdogo wake, ambaye alikuwa msaidizi wake pale jikoni.

"Nyamaza umenye vitunguu. Nimewapikia watu wa dunia nzima, anishinde mtu mmoja na bitiruti zake?"

Siku zikapita, ikaja habari kwamba Fundi Tanuri anastaafu. Zamu yake ya mwisho ikawa ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Bi Mwiko akajua kuwa asipolipata lile neno siku hiyo, hatalipata tena. Alfajiri alikuwa sokoni akizichagua bitiruti mojamoja, kama anayemchagulia mwanawe mchumba.

Mchana Fundi akaketi kigodani. Bi Mwiko akampa bakuli, akasimama mbele yake, mkono mmoja kiunoni.

"Haya, onja. Na usinizungushe."

Fundi akaonja.

"Ndiyo yenyewe."

Bi Mwiko akaruka kwa furaha, kofia ikamwenda upande. "Nilijua! Sasa niambie, zile za nyuma zilipungukiwa nini?"

"Hazikupungukiwa kitu. Hata ile ya kwanza, ya ndimu, ilikuwa ndiyo."

"Eti nini?"

"Ningesema ndiyo, zamu ingekwisha. Nisingeketi tena hapa na wewe." Aliyasema akilitazama bakuli. "Leo naondoka. Nimeona nisiondoke na uongo."

Bi Mwiko akawaka. "Miezi yote hiyo! Nimevundika mitungi ikanuka mpaka majirani wakaniuliza nani kafiwa na panya! Na wewe umekaa hapo unajinywea tu!" Mwiko ukapanda juu. Fundi akainamisha kichwa, tayari kupokea haki yake.

"Mpige, dada," akasema mdogo wake, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu. "Lakini kwanza mweleze kwa nini kila zamu yake ikifika unakwenda kusukwa, na nywele zenyewe unazificha chini ya kofia."

Bi Mwiko akaivuta kofia mpaka masikioni. Uso ukamwaka moto, na moto huo haukuwa wa jiko. Alikuwa na furaha, furaha hasa, na aliona aibu kuwa imeonekana.

Akaushusha mwiko polepole, akageukia sufuria kana kwamba kuna cha kukoroga.

"Jumapili napika nyumbani," akasema. "Uje. Kwangu hakuna zamu."